Kikombe cha Kiapo

Kyoto, Novemba 1966

Dada Fusae,

Mdogo wako nyota imemwakia. Kama nilivyokuandikia, katika filamu hii ya magenge mimi ndiye mwana anayelipiza kisasi cha baba yake. Mpaka wauza tambi wananiamkia.

Figili zako za chumvi zimefika. Nusu kazila Morinaga, mwigizaji mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja. Siku hizi hashikiki. Kovu lake la kubandika la filamu anakwenda nalo hadi bafu la mtaani, wasichana wamwone. Usidhani nina kijicho. Kijicho ni cha wanyonge. Ila sauti yake ni ya jogoo mwenye mafua.

Jumatatu sote tulifanya mazoezi ya kiapo, mmoja mmoja. Mkuu wa genge anakupa kikombe cha pombe ya sake, unakunywa, unakifunga kwa karatasi, unakitia kifuani, umeshakuwa mwanawe. Mimi nilikunywa vizuri sana, kisha nikamrudishia kikombe chake kwa adabu. Mzee aliyeletwa kutufunza, mwanagenge wa zamani mwenye kidole pungufu, akaniambia, "Kijana, kumrudishia kikombe ni kumkana. Hata hujala wali wake, ushamwasi baba?"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Akaitwa Morinaga, naye hakukosea hata kidogo, mwanaharamu yule.

Unasema mama amealika majirani kumi na wawili waje mjini kunitazama kwenye filamu. Mzuie, dada, nakuomba. Mwana wa kisasi ni Morinaga. Mimi ni maiti. Nilikudanganya.

Nduguyo,
Tatsuji