Miwani ya Kompyuta na Chumba cha Chaki

Jumamosi, Nkuhungu. Leo upepo umeamka kabla yangu, vumbi limeingia hadi kwenye gundi, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa, kwenye blogu ambayo binti yangu Debora alinifungulia ili niache kumchosha yeye kwa hadithi.

Kwa asiyenijua, mimi ni seremala. Vitanda, makabati, meza, miaka ishirini na kitu sasa.

Wiki tatu hizi nyumbani kwangu hakuna mazungumzo ila ya miwani. Si ya kusomea. Ni ile ya kompyuta: unaivaa, unaendelea kuona chumba ulichomo, lakini ndani ya chumba hicho kinatokea kitu ambacho hakipo. Kwangu mimi kitu hicho ni kitanda. Mteja anakiona kimesimama chumbani kwake kabla sijagusa mbao. Nikasema, mafundi wenzangu mwaka huu watanikoma.

Tulikuwa na mbili za kuchagua. Nyeupe, ya bei nafuu, na nyeusi, ambayo bei yake ni karibu mara nne. Debora anasoma kompyuta chuo kikuu kule Chimwaga, na yeye alisimama na nyeupe. Alisema hela itakayobaki tununue mashine ya kuranda, mgongo wangu upumzike. Mimi nilisimama na nyeusi. Nitakuwa mkweli, yalikuwa majivuno tu. Nyeusi inaonyesha mistari ya mbao ya mninga mpaka unataka kuipapasa, na nilishajiona nikiingia nayo kwenye nyumba za wakubwa.

Suala la faragha Debora alilitaja mara moja. Nyeupe haifanyi kazi bila akaunti, na kamera zake zikiona kitu, kinaweza kufika kwenye akaunti hiyo na kwa kampuni yenyewe. Nyeusi inajitahidi kubaki na mengi ndani yake. Nikamwambia kitanda si siri ya serikali. Tukacheka wote wawili.

Tulicheka mapema.

Debora akaazima nyeupe kwa msichana anayesoma naye ili tuijaribu. Nikaenda nayo kwa mteja nitakayemwita Mama Salha, jina ambalo si lake. Alitaka kitanda cha futi tano kwa sita, cha mninga. Ameniruhusu kuandika haya yote isipokuwa kilichokuwa chumbani kwake.

Kazi yetu ina mwiko wake. Mzee aliyenifundisha useremala alinitaka nipige hodi kwenye mlango wa chumba cha kulala hata kama mwenyewe ndiye anayeniongoza, na nikitoka humo niwe nimesahau kila kitu isipokuwa vipimo. Nimeona mengi kwenye vyumba vya watu. Sijawahi kumsimulia hata mke wangu.

Siku ile nikavaa miwani, kitanda kikasimama ukutani, na kilikuwa kizuri jamani. Sasa mimi kila nikimaliza kitanda hukipiga picha, mikono imeshazoea. Nikabonyeza. Nilipiga picha kitanda ambacho sijakikatia hata ubao mmoja.

Ile picha haikuchukua kitanda peke yake. Ilichukua chumba chote, na ndani ya chumba kile kuna jambo ambalo Mama Salha amelificha hata kwa majirani anaopakana nao ukuta. Jioni ikatokea kwenye simu ya yule msichana, mwenye akaunti. Binti wa watu hakuwa na nia mbaya. Alimtumia Debora picha hiyo na maneno ya pongezi, kwamba mzee wako yuko vizuri.

Debora aliniletea simu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Na hapa niungame. Niliwaza kunyamaza. Picha ilishafutwa kwenye simu na kwenye akaunti, na aliyeiona hamjui Mama Salha wala mtaa wake. Nani angejua? Nikamwambia Debora tuachane nayo.

"Baba," akasema, "miaka yote unajisifia kusahau vyumba vya watu. Hiki tumekitoa nje. Twende tukamwambie."

Nilikasirika kwanza, kisha nikavaa viatu.

Njiani nilipanga maneno, sikuyatumia. Debora alitoa shikamoo, akaitikiwa, na kabla sijakaa sawasawa alishasema yote: miwani kaazima yeye, hakukumbuka kuondoa akaunti ya mwenzake, picha nimepiga mimi, mwenzake kaiona, imefutwa. Hakupamba. Mama Salha akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Nilijua nikipoteza jina kwenye nyumba ile nimelipoteza mtaa mzima, na jina ndilo duka langu.

Mwishowe akasema, "Ningesikia kwa mtu mwingine, fundi, tusingesalimiana tena. Kitanda nitengenezee. Ila hilo dude lisirudi chumbani kwangu."

Tuliporudi nikasema basi, tununue nyeusi, na safari hii nilikuwa na sababu ya maana. Debora akakataa. Hata nyeusi ina kamera, akasema, na picha itakayobaki ndani yake ataiona yeyote atakayeivaa baada yangu. Tusiiingize kabisa vyumbani kwa watu. Akachukua chaki, akapiga magoti kwenye sakafu ya karakana, akachora chumba cha Mama Salha kwa vipimo nilivyokuwa navyo. Kuta nne, mlango, dirisha.

Tukanunua nyeupe.

Leo asubuhi Mama Salha amekuja. Ameingia kwenye chumba cha chaki kwa kupitia mlango wa chaki, na sijui kwa nini hilo limenigusa. Akavaa miwani juu ya mtandio, akakizunguka kitanda chake, akaona mlango utagonga miguuni pa kitanda. Kosa langu, inchi tano. Kwenye karatasi nisingeliona hadi siku ya kukipeleka. Tumekigeuza. Kamera zimeona sakafu na maranda yangu, na hayo wenye kampuni wayatazame mpaka wachoke.

Alipovua miwani akaangalia ile michoro chini.

"Futa, fundi."

Nikageuka kutafuta ufagio. Debora alishanitangulia, yuko chini na tambara la maji, anafuta ukuta mmoja baada ya mwingine. Alimaliza na mlango. Mama Salha akampa mkono wa kumwinua, kisha akaniuliza kitanda cha mwanawe aje kuagiza kwangu au kwa huyu.

Kesho kanisani. Jumatatu, kabla ya kugusa mninga, napaka rangi upya kibao cha karakana. Jina langu limekaa pale peke yake miaka yote hii. Naongeza la Debora.