Fundi wa Mageti Aliyejipa A ya Hesabu

Mpendwa Shangazi Adoyo, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, na ukitaka kucheka cheka tu, hata mimi nacheka. Mimi ni fundi wa mageti hapa Mbotela, miaka hamsini na mbili, tumbo limenitangulia kidogo, na mwaka huu chama chetu cha mafundi kiliungana na kanisa na shule moja ya sekondari huko Mathare, kila fundi akapewa mwanafunzi mmoja wa kumshika mkono kimasomo, wakutane Jumanne na Ijumaa, amsikilize, amtie moyo. Mimi nilipewa Whitney, msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha nne, anayetaka uhandisi ilhali hesabu alikuwa anapata D. Siku ya kwanza akaniuliza, "Anko, wewe hesabu ulipata nini?" na badala ya kusema niliacha shule kidato cha pili, mdomo ukasema A, tena ukaongeza, "A safi."

Tangu siku hiyo, Whitney akileta swali namwambia kwa sauti nzito, "Lifikirie mwenyewe kwanza, tuonane Ijumaa," halafu akikata kona natimua mbio kwa jirani yangu Mwalimu Teresiah, aliyestaafu, anifundishe, mimi naandika daftarini, huku akinigonga vidole kwa rula. Na Shangazi, hesabu ni tamu, mbona hakuna aliyeniambia? Siku aliponionyesha kanuni ya Pythagoras nikagundua ni ile tatu-nne-tano ninayopimia kona za geti miaka thelathini yote, nilicheka hadi mteja akarudi nyuma. Mke wangu Jecinta akaniuliza, "Baba Frankline, unatabasamu peke yako. Anaitwa nani?" Nikamwambia Pythagoras. Akauliza ni wa ukoo gani.

Sasa Whitney anapata B, waandalizi wamefurahi, wanataka Jumamosi nifundishe wanafunzi thelathini ukumbini kanisani, na Whitney mwenyewe ndiye atakayenitambulisha. "Nitawaambia Anko wangu ni mnoma, alipiga A," ameniahidi. Nikisimama pale nitaumbuka kwa swali la kwanza, na nikisema ukweli, mtihani umebakisha wiki tano na mtoto ananiamini kuliko vitabu. Akikata tamaa akarudi kwenye D, nitajiangalia vipi? – Dishon, Mbotela.

Ndugu yangu Dishon, nimecheka, sasa nyamaza nikugombeze. Mtu mzima na tumbo lake anamdanganya msichana wa miaka kumi na saba ili aonekane mkubwa. Aibu. Hata hivyo umenifurahisha, maana wengi wakidanganya hukaa tu kwenye uongo wao, wewe umeukimbiza na daftari mkononi ili uwe kweli.

Jecinta mweleze leo, jikoni, na umwonyeshe hilo daftari. Waandalizi wapigie simu uwaambie Mwalimu Teresiah ndiye wa kufundisha. Jumamosi wewe kaa kiti cha mbele pamoja na wanafunzi, na ikifika zamu ya Pythagoras usimame na futi yako uwaonyeshe kona ya geti inavyopimwa. Hilo unalijua bila kumuuliza mtu. Mwakani jiandikishe ufanye mtihani wa kidato cha nne, usiniletee visingizio vya umri.

Lakini kesho asubuhi, kabla hujafungua karakana, nenda kwao Whitney, mamake akiwepo. Sema: "Sikupata A, niliacha kidato cha pili. Kila jibu nililokupa nilienda kujifunza kwanza, kwa sababu yako." Ishia hapo. Usijitetee, usimchekeshe, najua utataka. Anaweza kununa siku mbili, na wiki tano zinatosha kununa na kurudi kwenye vitabu. Kuusikia ukweli huo ukumbini, baada ya kukusifu mbele ya wenzake, ndiko kungemvunja. B ile aliifanyia kazi mwenyewe, mkumbushe hivyo.

Kisha muulize kama bado anakutaka au anamtaka Mwalimu Teresiah. Akimchagua Mwalimu, mpeleke wewe mwenyewe hadi mlangoni, umuage, urudi kwenye mageti yako bila kulalamika. Mtihani ni wake.