Dawa ya Mtu na Mnyama

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ulitulea tukijua kwamba mtoto haanzi maneno na mzazi wake kabla ya kumsalimu, na hata hasira ina adabu yake.

Nakuandikia kutoka Langley Park, huku Amerika, kwenye hii apatimenti ambayo hukuwahi kuiona. Nje wanajenga reli, na vumbi linaingia hata nikifunga madirisha. Kazi yangu unaijua: nahudumia wazee majumbani kwao. Siku hizi nina mzee mmoja kule Herndon, safari ya treni na mabasi mawili kutoka kwangu. Anaitwa Harlan. Alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kule kule Virginia, kabla mashamba hayajageuzwa kuwa maofisi ya kompyuta, kwa hiyo tunaelewana. Nikimwosha miguu ananisimulia habari za ndama wake, nami namsimulia za kwetu Mbulu.

Jumanne iliyopita aliniomba nimshushie chupa kutoka juu ya kabati. Chupa ya kahawia, ya babu yake, lebo imebanduka nusu. Akanisomea kwa sauti: inatibu mafua, baridi yabisi, kuhara, kuumwa na nyoka, na kwato za farasi. Kwa mtu na mnyama. Alicheka mpaka nikamshika mabega asianguke kitini.

"Pombe na pilipili tu, Martina! Na watu walinunua!"

Mimi sikucheka. Nilienda jikoni nikafungua bomba la maji ili asinisikie. Niliporudi akaniuliza kama kwetu pia ziliuzwa. Nikamwambia ndiyo, baba yangu ndiye aliyeziuza. Sikumwambia zaidi ya hapo. Yaliyobaki ni yako, Baba, na wewe ndiye unayepaswa kuyasikia.

Ulikuwa wakala wa Tiba Kamili kwa Mbulu yetu nzima, tangu bondeni hadi ukingo wa msitu. Chupa zilikuja kwa lori kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini ambaye sikuwahi kumwona, zimelazwa kwenye makasha yenye majani makavu. Kwenye lebo walichorwa fahali na mwanamume wamesimama bega kwa bega, wote wawili wamenenepa. Siku ya mnada wa ng'ombe ulivaa lile koti lako la kaki, ukapanda juu ya kasha, na hakuna aliyeweza kukupita.

"Ndama wako anaharisha? Tiba Kamili! Maksai hataki kula? Tiba Kamili! Wewe mwenyewe mgongo unakataa kuinama? Mkeo tumbo halitulii? Usiende mbali, ndugu yangu, chupa ni moja!"

Watu walicheka, na wakicheka walinunua. Nami nilisimama pale nikijivuna kwamba huyo anayesikilizwa na mnada mzima ni baba yangu.

Na ulikuwa mfugaji kweli. Hilo sitakunyima. Ulijua ng'ombe ameamkaje kwa kuyatazama masikio yake tu. Kiangazi kikikaza ulishuka hadi mtoni kukata majani, ukayabeba kichwani wewe mwenyewe, mwanamume mzima, na wenzako wakakucheka. Ng'ombe akizaa, wewe hukula chochote mpaka ndama asimame. Nilipokuwa mdogo ulinishika mkono ukauweka kwenye ubavu wa Malkia, yule ng'ombe wetu wa kisasa mwenye mabaka meusi, ukaniambia, "Ng'ombe hasemi, Martina. Wewe ndiye umsikilize." Nakumbuka joto la ule ubavu, na mkono wako juu ya wangu. Ninapowageuza wagonjwa wangu kitandani nawageuza kwa mikono uliyonifundisha wewe. Hilo nalo linaniuma.

Kwa sababu zizini kwetu, Baba, halikuingia hata tone moja la Tiba Kamili.

Ng'ombe wetu uliwapeleka joshoni kuogeshwa dawa ya kupe kila wiki, mapema, kwa njia ya nyuma. Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake na kuiegesha upande wa migomba, mahali ambapo wapita njia hawaioni. Nilipokuuliza kwa nini wetu hawanyweshwi chupa, ulinijibu kwamba ng'ombe wa watu ni wa kienyeji, wagumu, chochote kinawafaa, lakini hawa wa kisasa wana matumbo laini. Halafu ukaniambia, "Ya zizini hayatoki zizini." Mama alikuwa anachuja maziwa. Alikutazama, akaendelea kuchuja. Jirani yetu alipopoteza maksai wanne katika msimu mmoja, wote wakiwa wamenyweshwa dawa yako, ulimwambia aliwapa kidogo mno. Akanunua nyingine.

Mwaka ule Mama alipougua nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza shule, nasubiri matokeo ya mtihani. Tumbo lilimkamata Jumatatu, kwanza katikati, kisha likashuka upande wa kulia. Alitapika siku nzima. Jioni nikakwambia, "Baba, kesho asubuhi lori la misheni linapita. Tumpeleke hospitali."

Ulikuwa umekaa unafuta chupa vumbi. Hukuinua macho.

"Linapita wapi? Si pale pale mnadani? Watu wote wamwone mke wa mwenye Tiba Kamili amebebwa kupelekwa hospitali, halafu mimi nipande juu ya kasha niwaambie nini? Mpe vijiko viwili asubuhi, viwili jioni."

Nilimpa. Mkono ulioshika kijiko ulikuwa wangu, na hili sikutwishi wewe. Mama alinywa, akafumba macho, akasema, "Inachoma, mwanangu." Mimi nikamwambia avumilie.

Jumatano maumivu yalitulia ghafla. Mama aliweza hata kutabasamu. Uliingia chumbani, ukasimama mlangoni umeweka mikono kiunoni, ukasema, "Mnaona sasa? Dawa imefanya kazi." Nami nilikuamini, Baba. Nilifurahi. Ilinichukua miaka mingi, mpaka nilipokaa darasani huku ugenini kusomea kazi hii, kujua kwa nini maumivu yale yalitulia. Kilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimepasuka. Mwalimu alikuwa anaeleza kwa utulivu kabisa, ubaoni amechora tumbo la mtu, nami niliinuka nikatoka nje nikaketi kwenye ngazi. Wenzangu walidhani naogopa damu.

Alhamisi tumbo la Mama lilikuwa gumu kama ubao, na mwili unawaka. Siku hiyo hiyo asubuhi Malkia, aliyekuwa amezaa jana yake, alishindwa kuinuka. Alilala zizini ameikunja shingo ubavuni, masikio ya baridi. Homa ya maziwa. Uliijua mara moja. Hukungoja chai. Ulitoka mbio, na kwa bwana mifugo ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ukarudi umekaa nyuma ya pikipiki yake, umekumbatia mkoba wa dawa kama mtoto mchanga.

Nilikuwa mlangoni kwa Mama. Niliona kila kitu. Bwana mifugo alitafuta mshipa wa shingo, akamwingizia dawa polepole, wewe umekishika kichwa cha Malkia mapajani. Ndipo Mama alipogumia kwa maumivu kule ndani. Bwana mifugo akainua uso.

"Nani anaumwa?"

"Mama watoto. Tumbo tu. Ameshakunywa dawa."

"Dawa gani?"

Ulimpapasa Malkia shingo. Akatazama mlangoni, akaniona, akakutazama tena wewe. "Mzee, huo siyo mlio wa tumbo tu. Pikipiki hii hapa. Tumpeleke sasa hivi, binti amshike nyuma."

"Maliza ng'ombe kwanza," ulisema.

Alimaliza. Haikupita muda Malkia akatetemeka, akapiga chafya, akainuka kwa magoti, kisha kwa miguu yote minne. Ulipiga kelele, Baba. Ulilia. Sikuwahi kuyaona machozi yako kabla ya siku ile. Yule bwana alikuuliza mara ya pili kuhusu Mama, ukamwambia, "Kesho, akizidi." Aliondoka anatikisa kichwa. Nami ningeweza kumkimbilia. Njia ilikuwa nyeupe, pikipiki ilikuwa inakwenda taratibu kwa sababu ya matope. Sikumkimbilia, kwa sababu ulikuwa umeshasema.

Nilipoingia ndani Mama aliniuliza, "Malkia ameamka?"

"Ameamka, Mama."

"Mungu mkubwa," akasema.

Alikufa kesho yake asubuhi, wewe ukiwa unamkamua Malkia. Nilikuja zizini kukwambia, na kabla sijafungua mdomo ukaninyooshea kiganja ningoje, ng'ombe asishtuke. Nikangoja. Nilisimama pale na habari ile kinywani mpaka ukamaliza chuchu ya nne.

Msibani waombolezaji walikunywa chai ya maziwa ya Malkia, wakayasifu maziwa kwa uzito wake. Walipokuuliza, ulisema siku yake ilikuwa imefika, na dawa haishindani na siku. Nilimeza hilo. Nilikuwa nimeshazoea kumeza. Lakini mnada uliofuata nilikuja nimekubebea chakula chako, nikakukuta juu ya kasha, umevaa koti lile lile, na kitambaa cha msiba begani.

"Hata marehemu mke wangu," ulikuwa unawaambia, "dawa hii ndiyo iliyompunguzia maumivu. Alikufa ametulia."

Watu walivua kofia. Halafu wakanunua.

Niliweka chakula chini nikaondoka. Wiki ile ile nilikwenda kwa shangazi Arusha, na kutoka Arusha nikaenda mbali kadiri miguu na viza vilivyoniruhusu. Uliwaambia watu kwamba umenisomesha mpaka Amerika.

Huku kanisani, Riverdale Park, wananiita mkali. Ibada ikiisha kuna dada mmoja hutoa mikebe ya unga kwenye mkoba, akidai unatibu sukari, presha na uvimbe wa kizazi. Mwaka jana nilimkuta anamwambia mama mmoja Mkenya aache vidonge vyake. Nilimnyang'anya mkebe mbele ya mchungaji, na yule mama nikampeleka kliniki siku ya pili, analalamika njia nzima. Hajanishukuru. Wengine wananikwepa. Binti yangu aliniambia, kwa Kiingereza kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba namuaibisha. Sikuweza kumweleza kwamba siku ile nilikuwa nakimbilia pikipiki, na nimechelewa miaka yote hii.

Tulizungumza kwa simu mara moja tu juu ya jambo hili, mimi na wewe. Ulikuwa umelazwa hospitali ya mkoa, ndiyo, hospitali, na ni mimi niliyeshikilia upelekwe. Sauti yako ilikuwa imekonda. Ulisema bila kuulizwa, "Mimi niliiamini ile dawa, mwanangu."

"Kama uliiamini, Baba, mbona Malkia hakuinywa?"

Nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita wodini. Nilisikia mtu akikohoa. Kisha ukasema, "Mtandao unasumbua, Martina. Sikusikii vizuri."

Mtandao ulikuwa mzima. Baada ya majuma matatu ukafariki. Niliwaambia ndugu kwamba nimenyimwa ruhusa kazini ya kuja kukuzika. Sikuiomba.

Sasa sikia kilichotokea wiki hii. Petro, mwanao wa mwisho, ambaye Mama alimwacha bado hajajua kufunga vifungo vya shati, alinipigia simu kuhusu kaburi lako. Wamekubaliana wakuwekee jiwe zuri. Fundi ameshaanza kuchonga. Akanisomea maneno kwa furaha: jina lako, halafu chini yake, Tabibu wa Watu na Mifugo.

Nilikuwa kituo cha basi, mikoba ya sokoni miguuni. Nilimwambia, "Petro, futa hilo neno watu."

"Dada?"

"Mifugo liache. Hilo ni kweli. Watu, lifute."

Kisha akaongea polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Dada, marehemu husemwa kwa mema yake. Na wazee wataniuliza."

"Waambie wanipigie mimi. Na Mama je, jiwe lake linasema nini?"

Mama hana jiwe. Basi nikamsimulia. Nilimsimulia yote niliyokuandikia hapa, nimesimama pale pale, mabasi mawili yakanipita. Hakuwa anajua, Baba. Maisha yake yote alidhani Mama alikufa kwa homa. Nilipomaliza nilimsikia akilia, mzee mwenye wajukuu.

Jana alinitumia picha. Fundi amelitoa lile neno kwa patasi, pamoja na ile "na" yake, na mahali pake pamebaki shimo jeupe lisilo sawa, yeyote atakayepita atajua kulikuwa na kitu hapo. Pembeni, kwenye kaburi la Mama, wamemwaga mchanga na kokoto za kujengea.

Nilidhani nitafurahi. Nimeitazama picha ile tangu asubuhi, na ninachokiona ni mtu aliyeweza kukaa kwenye tope amekishika kichwa cha ng'ombe mapajani, na hakuweza kuvuka hatua ishirini za ua.

Pumzika unavyoweza. Uliyemlaza bila dawa yuko hapo ubavuni pako. Msamaha muombe yeye, mimi sina ruhusa ya kuutoa kwa niaba yake.

Mwanao wa kwanza,
Martina