Kitovu Kilichomwangukia Idi

Jumanne. Mvua inanyesha hapa mtaani kwetu Cibitoke tangu alfajiri, nepi hazikauki, na mimi nina hofu ambayo naona hata aibu kuiandika.

Ijumaa tulimpeleka Idi, mwanangu wa kwanza, kutahiriwa. Nyumbani pilau ilishaanza kunukia. Muuguzi akampapasa, akapapasa tena, kisha akavua glavu. Alisema anasikia korodani moja tu, kwa hiyo hamtahiri mpaka daktari amwone.

Jana tulimwona daktari, ambaye huku kwetu tunamwita muganga. Alitueleza kwa upole kwamba mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake huwa juu, kisha hushuka zenyewe. Moja ya Idi ilikwama kwenye kinena. Kazaliwa hivyo, hakuna aliyemfanya kitu. Atapasuliwa kidogo waishushe, na tusichelewe, maana ikikaa huko inaweza kuharibika, na kupata watoto kukamwia vigumu.

Nilirudi nyumbani moyo mweupe, nikamweleza mama mkwe, tunayeishi naye. Nilidhani atamshukuru Mungu. Akakaa chini kwenye mkeka.

"Mi ndo nilimuaribu mutoto wako," akasema. "Kitovu kilimuangukia pale, nikiwa namuogesha. Sikukuambia."

Huku kwetu kila mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume analijua hilo. Kitovu kikikatika kikamwangukia kwenye uume, wanasema hatakuwa mwanaume. Ndiyo maana siku zile za kwanza tunaogesha huku tumekishikilia.

Tangu kitovu kikatike, mama mkwe hakumwogesha tena Idi. Alisema mgongo unamuuma. Nami nikawa namnung'unikia moyoni, eti mvivu. Kumbe mama wa watu anateseka peke yake.

"Apana, Mama," nikamwambia. "Muganga amesema alizaliwa hivo."

"Muganga alikuwako siku ile?"



Mimi nimesoma. Namwamini daktari, na tarehe ya upasuaji tumeshapewa. Lakini tangu jana, kila nikifungua nepi nakiona kile kitovu kikianguka, wakati siku yenyewe sikuwepo hata chumbani. Kinaanguka polepole, na mimi siwahi kukidaka. Nimejikemea. Nimesoma dua. Kinaanguka tu.

Leo asubuhi nilitaka tuyamalize haya mambo. Nikajaza beseni maji ya vuguvugu, nikampa mtoto.

"Muogeshe, Mama."

Alisita, kisha akampokea. Idi akafurahi, akawa anayapiga maji mpaka yakamrukia bibi yake usoni. Alimwogesha vizuri, kichwa, shingo, makwapa, lakini kwa mkono mmoja tu. Kiganja cha mkono wa pili kilikuwa kimemfunika pale, na hakikutoka mpaka mwisho.

Kitovu kilishakatika miezi mingi iliyopita. Hakuna tena cha kuanguka.

Nilitaka kumwambia autoe mkono. Lakini na mimi nilikuwa sitaki autoe.