Meza ya Duka Iliyokwenda Vitani

Ami Sudi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini maisha yangu yote sijapita mbele ya duka lako bila kukuamkia, na sitaanza utovu wa adabu leo kwa sababu tu umehama mtaa.

Ni mimi, dereva wako. Usiulize nani kanishikia kalamu. Naandika mwenyewe, kwa mkono huu huu ulioshika usukani kutoka Malindi mpaka Goma bila kugonga hata mbuzi. Shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alinionea wivu, kisa chake unakijua. Mjukuu wangu alitaka nimtamkie maneno, yeye aandike kwenye simu. Nikamuuliza, huyo mzee ninayemwandikia atachajia wapi? Akairudisha simu mfukoni. Vijana wa siku hizi unawamaliza kwa swali moja.

Nikupe habari za huku. Nassir, mjukuu wako, ndiye mwenye duka sasa. Kapaka ukuta rangi ya kijani inayochoma macho. Pale palipokuwa na pipa la mafuta ya taa pana friji ya soda, na mizani ni ya umeme, inalia tii, tii, kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Ile mizani yako ya chuma aliipandisha juu ya kabati, ikala vumbi. Meza hakuthubutu kuigusa. Nilimwambia siku akiiuza nitalala juu yake, anayeinunua anichukue na mimi. Anadhani natania. Na pale barazani nje, mahali pako hapakaliwi na mtu. Anakaa paka tu, yule wa rangi ya bizari, na hata yeye hukaa pembeni, kana kwamba anakuachia nafasi.

Ami, nataka kukushukuru. Ulipokuwa hai hukuniruhusu. Ukimwona mtu anafungua mdomo akushukuru, ulikuwa unamkatiza kwa kumuuliza bei ya vitunguu. Leo huna pa kukimbilia. Utanisikiliza.

Nilipoingia mji huu nilikuwa Kazungu wa Ganze, nina gunia la makaa kichwani na nyayo zimepasuka kwa kutembea. Ukaniuliza kama najua kuendesha gari. Nikakuambia nimekuwa na magari Mombasa. Kweli nilikuwa nayo: nilikuwa nayaosha. Ulijua, kwa maana ulitabasamu. Ukanipa ufunguo wa lori hivyo hivyo, na asubuhi ile ile nikaubomoa ukuta wa choo chako. Mtu mwingine angeniita mwongo. Wewe ulisema, "Vizuri, Kazungu. Choo kilikuwa na giza." Hapo ndipo nilipojua nimepata mzee.

Halafu vita vya mashifta, wale waasi wa mpakani na Somalia, vikatufikia. Watu wakaanza kushuka kutoka kaskazini, kutoka visiwani na vijiji vya Wabajuni, wamebeba mikeka, vyungu, kuku wamefungwa miguu. Wakajengewa vibanda vya makuti nje ya mji, huko ambako leo ni Muyeye na nyumba zimebanana hata upepo unabisha hodi. Serikali ikaleta magunia ya unga na maharagwe, ikatafuta mtu anayejua chakula na anayejua watu. Wakakuita wewe, muuza mchele na bizari ambaye ofisini ulikuwa huendi ila kulipia leseni. Ukarudi umepewa koti la kaki. Lilikubana, vifungo vinalia, na wewe umelivaa juu ya kikoi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukaniambia, "Cheka, Kazungu. Na wewe umeajiriwa. Mshahara wako ni kucheka huko huko kwenye lori."

Siku ya kwanza ilituumbua. Kijana wa serikali, mpole, mtu wa bara, akapuliza filimbi watu wapange mstari. Hakutoka mtu. Akapuliza tena. Akatoka mbwa. Kijana akasema basi labda hawana njaa. Ulikuwa unaangalia paa za vibanda, na mimi nikaangalia unapoangalia. Hapakuwa na moshi. Hata jiko moja halikuwa limewashwa. Wale walikuwa watu na majumba yao, Ami, watu waliokuwa wakikaribisha wageni. Mama wa nyumba nzuri hatasimama juani mbele ya wanaume asiowajua akinyoosha bakuli. Atakaa ndani, ateremshe leso mlangoni, na watoto awaambie walale.

Asubuhi ya pili ukaniambia, "Kazungu, pakia meza."

"Meza gani, Ami?"

"Kwani mimi nina meza ngapi?"

Ile meza ya mvule! Tuliibeba wanaume wanne, nikaahidi kumfilisi yeyote atakayeikwaruza, na nikaikwaruza mimi. Alama ile ipo mpaka leo. Tukaiteremsha pale uwanjani, tukaiwekea paa la makuti, tukatundika mizani, ukapanga vibaba vyako na lile kasha la viungo. Ukavua koti la serikali ukaliweka chini ukalikalia. Kisha ukapaza sauti kama siku ya sikukuu: "Wateja! Njooni mnitie hasara!"

Akaja bibi mmoja mzee, taratibu. Akatia vidole kwenye unga, akanusa. Ukampimia kibaba cha mfuto, kile unachokisawazisha juu kwa kijiti, maana ndivyo serikali ilivyoamuru kwa kila mdomo. Yule bibi akakitazama, akakutazama. Akasema, "Hiki ndicho kibaba? Kwetu hata kuku hatumpimii hivi."

Ukapiga kelele kama umechomwa. "Mama, utanifilisi! Nina watoto!"

"Watoto wako wananenepa. Ongeza."

Ukaongeza. Konzi nzima, kibaba kikawa cha tele, kina kilima juu. Na kipande cha gazeti umekisokota, ndani mna kitu kidogo, ukakitupia kapuni mwake huku unanung'unika. Vibandani leso zikaanza kufunuliwa. Kabla ya adhuhuri pale palikuwa na kelele kama sokoni, wanawake wanakuita bahili, wewe unaapa hutafungua tena kesho, na moshi unapanda kila kibanda. Yule kijana akaiweka filimbi mfukoni na sikuiona tena.

Akakuambia tu, kwa adabu, kwamba unga wa serikali ni wa mfuto. Ukamjibu kwamba unga wa serikali utabaki mfuto. Kile kilima kilitoka gunia jingine, lile la chini ya meza. Lako.

Hapo ndipo alipokuja Zaina. Akatumbukiza mkono kwenye unga, akaukunjia uso. "Huu unanuka ghala. Siutaki. Nifungulie gunia jingine."

Mtu hana paa, hana kitanda, na anachagua gunia! Nikacheka kwa sauti nikiwa juu ya lori. Akaniinulia macho. "Na wewe dereva unacheka nini? Au kwenu unga haujafika?" Ami, mimi nimetukanwa Kampala, nimetukanwa Kisangani, Mtaliano amenitukana hapa hapa Malindi nikamrudishia kwa Kitaliano chake mpaka akaniomba msamaha. Lakini siku ile nilianza kufunga kamba za lori ambazo zilikuwa zimekwisha fungwa. Ukafungua gunia jingine. Ulikuwa unaniangalia mimi, si yeye.

Na wewe ndiwe uliyekwenda kuniposea. Nilisilimu, nikaitwa Kassim, ingawa wewe hukuacha kuniita Kazungu, ukisema jina mama alilokupa huliachi mlangoni kama viatu. Ukamwambia ami yake Zaina, na mimi nimekaa hapo hapo nasikia: "Mali hana. Elimu hana. Na anasema sana. Lakini hajaniangushia gunia hata moja." Wakaninunua kwa maneno hayo. Watoto wangu wote, wajukuu, hata huyu wa simu, wametoka kwenye ulimi wako.

Sasa nifike panaponikaba.

Yale magunia ya chini ya meza nilikuwa nayapakia mimi, alfajiri, mlango wa nyuma wa duka. Watu waliona lori la chakula cha serikali limesimama nyuma ya duka lako, wakaona magunia. Wakadhani yanaingia. Hawakujua yanatoka. Maneno yakaenea kwamba Sudi ananenepa kwa chakula cha wakimbizi. Rafu zako zinabaki tupu, wao wanasema unaficha. Shamba lako la minazi la Sabaki likauzwa, ukasema umechoka na nazi! Nilitaka kusimama sokoni niseme. Ukanikamata shati. "Kazungu, wale wanawake wakijua ni sadaka, wataacha kunitukana, wataanza kunishukuru. Mimi sitaki kushukuriwa na mtu mwenye njaa. Hili lisifike masikioni mwao." Ukaniapisha. Nikaapa.

Na nimekaa nalo. Mke wangu maisha yake yote anajisifu kwa majirani: "Mimi nilimshinda Sudi, tajiri wa Malindi, kwa mdomo wangu huu." Anaonyesha na mkono kilima kilivyokuwa. Mimi namwitikia tu.

Lakini ulipozikwa, tumetoka makaburini hata udongo haujakauka miguuni, fundi viatu wa pale kona akasema barazani, "Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Ila vile vita vilimnenepesha." Wazee wakatikisa vichwa. Nassir alikuwepo, akainamisha uso; baadaye akaniambia heri auze duka. Damu yako, Ami, inaona haya kwa ajili yako! Kisha siku chache kabla ya khitma ya arubaini akanijia, akaniomba niseme maneno mawili baada ya kisomo. Nikajua naulizwa nini. Nikisema, jina lako linasafishika, na wale wanawake, pamoja na wangu, nawanyang'anya ushindi wao uzeeni. Nikinyamaza, kijana wako atauza duka kwa aibu ya kitu ambacho hukufanya. Sikula vizuri wiki nzima. Zaina akaniuliza kama nimepata mke wa pili. Nikamwambia nani atanitaka. Akasema hilo ni kweli.

Siku ya khitma ua ulijaa. Wanaume huku, wanawake nyuma ya pazia, sufuria za pilau zinapumua. Nikasimama. Mimi, Kassim, ninayeweza kumweleza askari wa barabarani mpaka yeye aombe ruhusa ya kuondoka! Nikasema, "Yale magunia ya wakati wa vita…" Nikaona uso wa Nassir. Nikasema tena, "Yale magunia…" 

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Maliza, Kassim! Au nije nikumalizie?"

Zaina. Mbele ya sheikh, mbele ya mji mzima.

"Magunia yalikuwa ya Sudi mwenyewe! Serikali gani imewahi kugawa hiliki?"

Basi pazia zima likacheka. Bibi zetu, wale waliobaki, sauti zimekauka lakini wanacheka na kulia. Mwingine akasema, "Mimi nilipata mdalasini!" Mwingine, "Mimi ukwaju, na nilimwambia ni mchachu!" Sheikh akashika ndevu zake, akatazama chini, na mabega yake yanatikisika. Fundi viatu hakuinua macho kwenye sinia lake. Na Nassir, Ami, alinyanyuka akaja akanishika mkono akanikalisha.

Nyumbani nikamuuliza Zaina tangu lini. Akasema, "Tangu wiki ya kwanza. Mama alifungua kipande chake cha gazeti akakuta hiliki, akatuita sote akasema: yule bwana anatupa vyake. Msimshukuru, atafadhaika. Mtukaneni vizuri." Basi ndivyo ilivyokuwa. Wewe ukiwaachia washinde, nao wakikuachia ufilisike kwa raha zako. Na mimi katikati, mjanja wa Goma na Kampala, ndimi peke yangu niliyekuwa nimedanganywa. Nashukuru hata kwa hilo. Nimecheka peke yangu siku nyingi.

Duka haliuzwi. Nassir ameishusha mizani ya chuma, ameipangusa, ameiweka mezani kando ya ile ya umeme. Ahadi yangu kwako ni hii: maadamu napumua, kila asubuhi nitakaa barazani, paka upande wake na mimi upande wangu, na mizani ikishalia tii nitampigia Nassir kelele aongeze konzi. Ameanza kuzoea. Jana aliongeza kabla sijafungua mdomo, nikakosa kazi.

Barua hii nitaitia kwenye droo ya meza, upande wenye ile alama. Lala salama, Ami. Mungu akupe nafasi pana, na majirani wenye midomo.

Zaina ananisimamia hapa begani. Anasema nisikunje karatasi kabla sijaandika maneno yake. Anasema ule unga kweli ulinuka ghala, na hiliki ilikuwa kidogo. Uongeze.

Mimi wako,
Kazungu