Ngazi ya Tatu

Machi 5

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi sijambo. Jumanne waliniwekea goti la bandia, leo nimesimama kwa kushikilia fremu. Nikiweza ngazi tano za mazoezi, daktari anasema baada ya siku nne nitakuwa nyumbani. Mguu uliokanyaga cherehani miaka thelathini hautashindwa na ngazi! Mama mdogo anakusalimu, anasema usome kwa bidii.

Mama yako

Machi 19

Mama,

Shikamoo, na pole. Nimeshtuka! Nimepiga simu wodini wakaniambia bado upo, wakati huo ukiwa mazoezini. Nikamuuliza sista: kidonda kimeoza? Sukari imepanda? Damu imepungua? Anasema kidonda kimekauka, goti linakunjika vizuri, wenzako mliopasuliwa siku moja wote wameshatoka. Umekwama ngazi ya tatu tu. Mama, nyumba yetu haina hata ngazi moja! Halafu akanimaliza kabisa: hakuna ndugu aliyefika kukuona. Mama mdogo yuko wapi?

Mwanao

Machi 23

Mwanangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Ngazi ya tatu naiweza. Juzi mtaalamu wa mazoezi alinifuma nikishuka kutoka ghorofani, nilikokwenda kumpima muuguzi mmoja gauni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Walipouliza nani atanipokea nyumbani, nilimtaja mama mdogo. Hayupo, mwanangu. Alifariki miaka miwili iliyopita, wiki ya mitihani yako ya mwaka wa pili. Nikasema nitakuambia ukimaliza masomo. Salamu zake nilikuwa nazitunga mimi, na kila barua ilinizidishia ugumu wa kusema. Nyumbani hakuna wa kuniuliza nimeamkaje. Hapa naulizwa mara tatu kabla ya chai, basi nikawa najikwaa makusudi. Nisamehe. Ijumaa wananitoa.

Mama yako

Machi 25

Mama,

Shikamoo. Barua nimeisomea stoo kazini, nikakaa sakafuni katikati ya maboksi. Miaka miwili namtumia salamu marehemu! Nimemlia mama mdogo, nikakukasirikia wewe, nikarudia kusoma pale uliposema ulikuwa unangoja nimalize.

Mama, nilimaliza mwaka jana. Nilipata kazi huku nikakuficha, usije ukaniita nyumbani. Kila nikisutwa na roho nilijiambia una mama mdogo.

Waombe wakuache hadi Jumapili. Nakuja kukuchukua.

Mwanao