Kwa Mjukuu Aliyenitumia Dalali

Mjukuu wangu Hamisi, mume wangu usiye na haya,

Una miguu wewe? Nauliza kwa sababu tangu Idi ile ulipokuja ukala pilau umesimama, kama mtu aliyeacha gari inanguruma nje, sijaiona tena hiyo miguu hapa Chamazi. Watu wanatoka huko huko Dodoma unakokaa, wanakuja kuzika na kurudi. Siku hizi naambiwa kuna treni, mtu unasinzia kidogo, ukifumbua macho uko Dar. Wewe unangoja nini? Nife ndio uipande?

Simu yangu huipokei. Basi nimemwita Mwalimu Anna, jirani yetu wa ukuta mmoja, anishikie kalamu, maana mie shule niliipita kwa nje nikienda shamba. Nimemwambia, andika ninavyosema, usinilainishie. Akimaliza ataipiga picha barua hii aiweke kwenye lile kundi la ukoo la simuni, waisome wote. Ndiyo, makusudi. Wewe umeanza kuuza nyumba kwa kunong'ona, mie nakujibu kwa sauti.

Niliseme moja mapema, asije mtu akasema bibi kang'ang'ania mali ya yatima. Nyumba ni yako. Marehemu mama yako alinishika mkono pale kitandani akaniambia, "Mama, mlee mwanangu, na nyumba ni yake." Sijasahau na sibishi. Ugomvi wangu na wewe sio nyumba.

Ugomvi wangu ni huyo mtu uliyemtuma.

Alikuja asubuhi nimekaa barazani nachambua mchicha. Kijana wa viatu vyenye ncha, simu mbili mkononi, zote zinaita. "Shikamoo bi mkubwa. Nimetumwa na mwenye nyumba." Wallahi niligeuka nyuma nimtafute huyo mwenye nyumba. Nikamuuliza, Hamisi? "Huyo huyo. Kasema nyumba iandaliwe, ipigwe picha, wateja waanze kuja. Na wewe unakwenda kupumzika Kimbiji kwa mdogo wako, kule hewa nzuri."

Ndivyo nilivyopata habari, Hamisi. Na mchicha mkononi, kutoka kwa mtu nisiyemjua kwao.

Hewa ya Kimbiji naijua, nimezaliwa nayo. Hewa haikutekei maji, haikushiki mkono ukienda hospitali, na njia ya kule mvua ikinyesha hata mbuzi anaghairi safari. Na mdogo wangu Mosi unamjua. Siku ya kwanza tutalia kwa furaha, ya pili tutagombania kijiko cha chumvi. Lakini hayo ningeyasikia kwako ningenuna siku mbili, ya tatu ningefunga mzigo. Kwako, sio kwa dalali wako.

Basi akaanza kuiandaa nyumba. Jiko la mkaa litoke ukumbini. Kuku waondoke. Madumu ya maji yaende nyuma. Kanga zangu nilizotundika mlangoni zishuke, eti zinaleta giza. Kaja na fundi wa rangi, sebule ikapakwa rangi ya maziwa mpaka nikawa naogopa kuegemea. Nilipowasha udi, akaja mbio kuuzima. "Bibi, wateja hawapendi nyumba yenye harufu ya mtu." Nikamuuliza, wanataka ya nani, ya paka? Mwalimu Anna alicheka kule upande wake wa ukuta mpaka akadondosha sufuria. Hapa amegoma kuandika hilo, nimemlazimisha.

Kisha zikaja picha. Nimekaa kwenye kigoda changu mlangoni, pale pale ninapokaaga. "Bibi, sogea kidogo, unaingia kwenye picha." Nikamwambia, mwanangu, mie nimeingia kwenye picha hii wewe hujazaliwa. Akangoja. Nami nikasogea. Unajua kwa nini? Kwa sababu alisema, "Hamisi ana haraka." Hilo neno haraka lilinikaa hapa kifuani kama mwiba wa samaki, na nitalirudia.

Wewe unakumbuka tulivyohamia hapa? Kulikuwa na chumba kimoja chenye bati, vingine vyote vilikuwa vinaangalia mbingu. Mama yako alikuwa anauza vitumbua asubuhi, mchana samaki wa kukaanga, jioni anahesabu tofali. Watu walikuwa wanapanga Mbagala, yeye kaja kununua kiwanja huku porini, wakamwona kachanganyikiwa. Fundi akifyatua tofali, mie na wewe kazi yetu kuzimwagilia jioni. Ulikuwa na kidumu chako cha mafuta kilichokatwa mdomo. Ukaniuliza, "Bibi, kwani tofali zinasikia kiu?" Nikakwambia zinakunywa kuliko babu yako alivyokuwa anakunywa chai, na babu yako alikuwa hanyanyuki mpaka birika lipige ukelele limekauka. Basi ukawa unazimwagilia huku unazisemesha. "Kunywa babu, kunywa." Mpaka mafundi nao wakawa wanaziita babu. "Nipe babu wawili hapa."

Na ule msingi! Mama yako aliuinua mpaka watu wakamsema barabarani, huyu mama anajenga nyumba au mnara? Yeye anaongeza tofali. Ilipokuja ile mvua kubwa, wale wale waliomsema walikuja na magodoro kichwani kulala kwetu. Ulilala katikati ya watoto wa watu, umenikumbatia mguu. Mama yako akapika uji wa watu wote, hakusema neno hata moja la kuwakumbusha. Mie ndiye niliyesema. Nilisema sana.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa nimejikata mwenyewe kwa kisu changu.

Wateja wakaanza kuja. Wa kwanza, mwanamume, alipita na viatu mpaka chumbani kwangu akafungua kabati. Nikamwambia, ukimaliza hapo nifungue na mdomo uhesabu meno. Hakurudi. Wengine wakaja wakaenda. Halafu juzi dalali akamleta mama mmoja wa bara, karani, ameshika begi kifuani. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kanisalimia shikamoo, kapiga goti kidogo. Nikaona huyu kalelewa.

Lakini mnunuzi ni mnunuzi, kazi yake kutia kasoro. Kaingia chumba cha nyuma akasema, "Hiki kina joto." Mie nilikuwa nimejiapiza nitakaa kimya kama gunia. Lakini joto? Chumba cha Mwanaidi wangu, mama yako, kina joto? Nikanyanyuka. Nikamwambia, joto kakwambia nani, umesimama upande wa ukuta wa jua, njoo huku. Nikafungua dirisha dogo, upepo ukaingia ukampeperushia kilemba. Kisha akauliza, "Na mvua? Naskia huku maji yanaingia ndani." Hapo ndio aliniwasha kabisa. Nikamtoa nje, nikamwonyesha msingi, nikamsimulia mnara na magodoro. Nikampeleka kisimani nikamwonjesha maji, yasiyo na chumvi. Nikamwambia gonga ukuta, akagonga, nikamwambia unasikia? Hizo tofali zimekunywa. Nyumba za siku hizi ukizigonga zinalia kama debe.

Nilipokuja kushtuka, yule mama ameshika nguzo ya baraza kama mtu aliyeshika mkono wa nduguye. Na dalali anacheka meno yote nje. "Bibi, wewe ni dalali kuliko mimi!"

Nimeiuza, Hamisi. Kwa mdomo wangu huu huu. Sikuvumilia kusikia inatukanwa, nikaisifu mpaka ikapata mtu.

Yule mama akanigeukia. "Sasa bibi, wewe ni nani wa nyumba hii?"

Dalali akawahi. "Huyo bibi anatulindia tu."

Mume wangu, unanijua. Mie sijawahi kukosa jibu tangu niote meno. Nilikuwa nalo mdomoni, la moto. Lakini nikaona, nikisema mie ni bibi yake mwenye nyumba, nimemlea tangu anatambaa, huyu mama atauliza, ni mjukuu gani huyo anayeuza nyumba mgongoni kwa bibi yake? Na jina lako litatembea, kwanza kwenye begi la karani, kisha mtaa mzima. Basi nikalimeza. Nikasema, "Ndiyo mwanangu. Mie ni mlinzi."

Mlinzi, Hamisi. Nimesema kwa ulimi wangu, na rangi ya maziwa imenizunguka.

Yule mama hakucheka. Alinitazama, akaitazama ile nyumba, akasema, "Sijaona mlinzi anayejua tofali zimekunywa nini." Kisha akamwambia dalali, mbele yangu, "Nyumba naitaka. Jumamosi twende ofisi ya serikali ya mtaa tuandikishane. Lakini funguo nitapokea mkononi kwa bibi huyu, kwa moyo wake. Nyumba iliyoachwa kwa kinyongo haikaliki. Mimi nina watoto." Dalali akaanza kumwambia hayo mambo ya kizamani. Akamjibu, "Ya kizamani ndiyo yanayoua."

Na mwenyekiti wa mtaa naye kakataa mauziano ya simu. Kasema mwenye nyumba aje na sura yake, na majirani wa mipaka wawepo. Kwa hiyo Jumamosi unakuja, utake usitake.

Jioni ile nikakupigia. Ikaita ikakata. Baadaye ukatuma maneno, Mwalimu Anna akanisomea: "Bibi ongea na dalali." Akasoma mara moja tu. Nilimwona anajifanya anatafuta miwani.

Nililala na hasira. Nikaamka na hasira. Nikafagia uwanja usio na taka. Kisha nikiwa nafagia nikakumbuka ulivyokuwa mdogo ukifanya kosa. Wewe hukuwa mtoto wa kubisha wala wa kusingizia. Ulikuwa unapotea tu. Siku ulipopoteza hela ya unga ya mama yako, tulikutafuta mpaka magharibi, kumbe uko nyuma ya pipa la maji, umejikunja kama jongoo, mbu wamekula nusu yako. Nikakwambia toka, sikupigi. Ukatoka. Nikakupiga, kisha nikakupa chakula, ukala huku unalia, ukashiba ukalala mapajani kwangu. Haki ya Mungu, nilikuwa naogopa kuliko wewe.

Ndipo fagio likanidondoka. Nikasema, huyu hanidharau. Huyu kajificha.

Mtu anayeuza nyumba ya marehemu mama yake kwa haraka, kwa kunong'ona, na simu ya bibi yake hapokei, ana jambo. Sasa niambie ni nini. Umekopa kwa watu wabaya? Unaumwa? Mkeo anaumwa? Umefukuzwa kazi unatoka nyumbani kila asubuhi na begi huna pa kwenda? Umefanya jambo la kukupeleka jela? Nimeyapanga yote haya usiku na mchana, na kila moja nimelitafutia pa kukaa. Hakuna hata moja lililokosa. Nyumba ya kuniuma ilikuwa hii, na imeshapata mtu. Kama inaondoka kukutoa shimoni, iondoke, ndiyo maana mama yako aliijenga juu. Lakini siwezi kumpa yule mama funguo kwa moyo mweupe na mie sijui nakukomboa na nini. Nikimpa nimenuna, nitakuwa nimemdhulumu yeye na wanawe. Na nisipompa, wewe umekwama. Unaona ulipotuweka wote?

Na nyie mnaosoma humu kundini, msianze kumtukana. Huyu wangu. Nitamtukana mwenyewe, natosha.

Basi sikia, na usinijibu kwa simu wala kwa dalali. Ofisini ni Jumamosi. Wewe njoo Ijumaa. Usifikie hotelini, usifikie kwa rafiki, usije na mtu wa viatu vya ncha. Njoo hapa, mchana kweupe, upite mbele ya majirani, uwaamkie mmoja mmoja, hasa huyu Mwalimu Anna aliyechoka mkono. Nitakuwa nimepika wali wa nazi na samaki. Kula kwanza, ushibe. Ukianza kusema kabla ya kula nitakuziba mdomo. Ukishanawa, mlango nitaufunga mie, utakaa chini mkekani, na utaniambia, kwa mdomo wako, neno kwa neno. Nikishajua, Jumamosi tutaongozana kwenda huko ofisini, mie na wewe, nami nitasema jina langu na nilivyo kwako.

Lakini ukipitiliza ukaenda ofisini moja kwa moja, ukanikuta pale kama mgeni, nitakuamkia kama mgeni na kurudi kukaa mlangoni, na hapo mlangoni hataninyanyua karani wala mwenyekiti.

Ijumaa, Hamisi. Njoo na njaa.

Mimi bibi yako, mzaa mama yako,
niliye bado humu ndani